Kazi ya Marehemu: Néant

Mama Hortense Ngoie alizikwa Jumanne, na Jumatatu iliyofuata binti yake Martine alikwenda kwenye ofisi ya komini kuandikisha kifo. Alijifunga kitambaa cheusi kichwani na kutia cheti cha hospitali mkobani. Mashahidi wawili walikuja naye, kama sheria inavyotaka: Papa Adolphe, mzee mstaafu wa kiwanda cha shaba, na Mama Orpha, jirani aliyekuwa rafiki wa marehemu kwa miaka thelathini na kitu. Wazee hao walikaa kwenye benchi barazani. Martine alisimama dirishani. Alitaka kumaliza mapema, maana saa nne na nusu alikuwa na kipindi.

Alikuwa mwalimu wa Kifaransa na Kilatini katika lise moja, sekondari ya wasichana, hapo Likasi, Kongo. Alikuwa na miaka arobaini na saba, na wanafunzi walimwita Madame Rosa kwa siri, kwa sababu ya rosa, waridi, neno la kwanza analolinyambulisha kila mwanafunzi wa Kilatini. Alijua kwamba wanamwita hivyo, na hakuchukia.

Karani aliyekuwa dirishani aliitwa Rolly. Alikuwa kijana mtaratibu, shati limepigwa pasi, mwandiko wake mzuri. Mbele yake kulikuwa na rejista mbili kubwa, na kila alichoandika katika ya kwanza alikirudia katika ya pili. Aliuliza jina, akaandika. Aliuliza alikozaliwa marehemu, majina ya wazazi, tarehe na saa ya kufa, akaandika. Halafu kalamu ikaandika kitu ambacho hakukiuliza.

Mwalimu aliyesahihisha madaftari kwa miaka ishirini na mbili anaweza kusoma maandishi yaliyopinduliwa kama wengine wanavyosoma yaliyonyooka. Martine alisoma: *Profession: néant.*

"Monsieur," akasema, "hapa kwenye kazi umeandika nini?"

"Néant, Madame. Hakuna kintu."

"Hukuniuliza."

Rolly aliinua macho. Hakuwa na ubaya wowote usoni. "Pardon, Madame. Mama alikuwaka anatumika wapi?"

"Nyumbani. Na kwenye mlango wa kiwanda. Alikuwaka anatengeneza munkoyo, anauzisha."

"Ah, munkoyo." Alitabasamu kwa heshima, kama mtu anayekumbushwa kinywaji cha utoto wake. "Ile haiko kazi, Madame. Ile bamama bote banafanyaka. Kazi ni muntu kuwa na patron, ao patente ya biashara, ao karatasi ya service. Mama alikuwa na karatasi?"

"Hapana."

"Basi njo tunaandikaka néant. Haiko matusi. Angalia."

Akafungua kurasa za nyuma, akamgeuzia rejista aone mwenyewe. Pengine alidhani anamtuliza. Martine alipitisha kidole. Fundi wa umeme. Dereva. Néant. Mlinzi. Néant. Néant. Katekista. Néant. Kwenye ukurasa wa tatu alikuta jina la mama mmoja aliyekuwa akiuza makaa karibu na parokia yao, aliyesomesha mabinti wanne, wawili kati yao kwenye madawati ya Martine mwenyewe. Néant. Ukurasa uliofuata alikuta mwingine ambaye mikono yake ilipokea nusu ya watoto wa mtaa wa Kikula kabla hawajafika hospitali. Néant.

"Saini hapa, Madame," alisema Rolly, akimpa kalamu. "Kisha bashahidi."

Martine aliiweka kalamu chini, juu ya ubao wa dirisha, taratibu, kama mtu anavyolaza kitu kinachoweza kuvunjika.

"Sisaini."

"Madame, bila sahihi acte, hati yenyewe, haipo."

"Basi na yenyewe ni néant," akasema Martine. "Utaiandika hivyo hivyo."

Barazani Mama Orpha alisimama, akauliza kuna nini. Martine alipomweleza, mama huyo alitikisa kichwa na kukunja uso kwa aibu, kana kwamba ni yeye aliyefanya kosa. "Binti yangu, saini tu twende. Siye tulikuwaka hivi hivi, bule tu. Haiko leo njo banaanza."

Neno hilo, bule, yaani bure, lilimchoma Martine kuliko lile la karani. Aliwarudisha wazee nyumbani, akaenda kufundisha, na siku nzima lilikuwa likimrudia.

Maana yeye alijua munkoyo ni nini. Asiyejua hudhani ni uji ulioachwa ukachacha. Mama yake aliamka kabla ya jogoo, akapika uji wa unga wa mahindi katika sufuria kubwa iliyotosha mtoto kuoga, akaukoroga kwa mwiko mrefu mpaka mabega yakaungua, akauacha upoe mpaka ukubali kidole. Hapo ndipo alipotia mizizi ya munkoyo iliyotwangwa. Uji ukiwa wa moto mno, mizizi inakufa. Ukiwa baridi, hailegezi kitu, na kesho yake unakunywa maji ya unga. Mizizi yenyewe alikwenda kuichimba porini, upande wa Kamatanda, na miaka uzio wa machimbo ulipokuwa ukisogea, alitembea mbali zaidi, mpaka siku nyingine alirudi jua limezama, mguu umevimba, gunia kichwani. Wanaume waliotoka kwenye tanuru na koo kavu kama tofali walimkuta mlangoni na mapipa yake mawili ya bluu. Hakukosa hata siku moja, labda siku za kujifungua, na hata hizo alizipunguza.

Munkoyo ile ndiyo iliyompeleka Martine Lubumbashi kusomea ualimu. Ndiyo iliyomfundisha Kilatini, ukitaka kusema kweli yote.

Jioni mdogo wake Eddy alikuja kuchukua hati. Eddy alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja, mtu wa maneno machache, na siku zile alikuwa na haraka yake: mkuu wake alikuwa amempa ruhusa ya msiba kwa mdomo tu, na alimtaka alete hati ya kifo kabla ya Ijumaa kwisha. Asipoleta, siku zake zingeandikwa kuwa ametoroka kazi.

Martine alimweleza. Eddy alisikiliza akiwa amesimama, kofia mkononi.

"Yaya," akasema mwishoni, kama alivyozoea kumwita dada yake mkubwa, "ni neno moja."

"Ni neno moja, ndiyo."

"Mama amekufa. Halisikii lile neno."

"Sisi tunalisikia."

"Minye iko na batoto tatu na chef mwenye kichwa kigumu. Weye uko na Kilatini." Hakusema kwa ukali. Alivaa kofia yake. "Mpaka Alhamisi nitangoja. Ijumaa nitaenda minye mwenyewe, nitasaini. Hata baandike nini."

Kesho yake, katika darasa la tano la lise, Martine alikuta somo aliloandaa ni vita vya Kaisari. Aliacha vita. Aliandika ubaoni neno moja, NÉANT, akageuka.

"Nani ananiambia hili linatoka wapi?"

Hakuna aliyejua. Akaanza na jepesi. Aliandika *rien* chini yake, na kando yake *rem*. "Rien maana yake hakuna kitu. Lakini zamani, kwenye Kilatini, rem ni kitu chenyewe. Wafaransa walisema 'sikuona kitu' mara nyingi hata neno kitu likabeba ukanushi wote mgongoni peke yake. Kwa hiyo kila mnaposema rien, mnasema kitu bila kujua." Wasichana walicheka. Akaandika *nihil*. "Warumi walisema, ne hilum. Wazee wao wa sarufi walieleza kwamba hilum ni kile kidoa kidogo kwenye haragwe. Nihil: hata jicho la haragwe hakuna."

Arielle, aliyekaa mbele, aliinua mkono. "Madame, kwetu nyumbani tunasema Kibemba. Tunasema takuli nangu cimo. Hata kimoja hakuna."

"Sawa kabisa na Warumi," alisema Martine. "Nanyi mnatafuta kile kimoja kwanza, ndipo mnakikosa. Nani mwingine?"

"Kekudi kintu," alisema Daniella kwa Kiluba, yaani hakuna kitu, na nusu ya darasa ikaitikia, maana bibi zao walisema hivyo. Kintu nacho kipo hapo, katikati ya kutokuwepo. Mwingine akauliza sifuri ya vitabu vya Kiswahili ilitoka wapi, na Martine akawaambia: kwa Waarabu, sifr, yaani tupu, chombo kisicho na kitu, na wao walikuwa wakitafsiri neno la Wahindi lenye maana hiyo hiyo. Wazungu walilichukua neno moja hilo likazaa mapacha: zéro, na chiffre, yaani tarakimu yoyote. Utupu na hesabu nzima, tumbo moja.

"Na hili la juu?" aliuliza Arielle.

Martine alilipigia mstari chini. "Wataalamu hawajakubaliana. Wengine wanasema ne entem, kisichokuwapo. Wengine wanasema ne gentem. Gens ni nini?"

"Ukoo," walijibu. "Watu."

"Basi kwa hao, néant ni 'si mtu'. Hakuna mtu hapa."

Daniella, ambaye kwa kawaida alikuwa mtundu, alisema polepole, "Kumbe yale mengine yote yanakosa kitu. Hili ndilo linakosa muntu."

"Labda," alisema Martine. "Nimesema hawajakubaliana."

"Madame, na juu ya nini tunalisoma leo?"

"Kwa sababu nimeliona mahali pasipo pake."

Alifuta ubao, na alipotoka darasani alikuwa ameshaamua kurudi komini, na safari hii kwa mkuu.

Mkuu wa uandikishaji alikuwa Madame Fortunée, mwanamke mnene wa umri wa Martine, miwani imening'inia kwa mnyororo, meza yake imejaa mihuri. Siku ya Jumatano alimpokea vizuri, akampa pole ya msiba, akamwita Rolly alete rejista, akasoma. Kisha akavua miwani.

"Madame Martine, ninakuelewa. Lakini tazama, tuandike *ménagère*. Mama wa nyumbani. Ni neno zuri, na linakubaliwa."

"Mama yangu hakukaa nyumbani. Nyumbani nilikaa minye, ninapikia wadogo zangu bukari ya mahindi, juu yeye alikuwa kazini."

"Bon. Lakini kazi yenyewe..."

"Madame, hili neno mnaloliandika, unajua limetoka wapi?" Na Martine, aliyekuwa amelala vibaya siku mbili, akamweleza yote aliyowaeleza wanafunzi, kisichokuwapo na si mtu, sauti ikipanda bila kujua, mpaka karani wa meza ya pili akaacha kuandika.

Madame Fortunée alimngoja amalize. "Umesoma sana," akasema, na hakuwa akimkejeli. "Minye sina Kilatini. Niko na rejista. Kesho muntu atakuja aniambie baba yake alikuwa daktari, minye nitaandika daktari? Niko na mkaguzi juu yangu. Ataniuliza: karatasi iko wapi? Weye mwalimu, mtoto akikuambia amesoma, unamupa alama bila kuona daftari?"

Swali hilo lilimuuma Martine, kwa sababu lilikuwa la haki.

"Niletee karatasi," alisema Madame Fortunée. "Karatasi yoyote yenye muhuri, inayosema Ngoie Hortense alikuwa anafanya kazi hii. Nitaandika. Bila karatasi, chagua: ménagère ao néant."

"Sitachagua."

"Basi itabaki bila sahihi."

"Ibaki."

Alitoka akiwa wima, lakini alipofika chini ya jakaranda za barabara kubwa, mahali ambapo hakuna aliyemfahamu, alikaa juu ya ukingo wa mtaro. Karatasi ataitoa wapi? Mama yake hakusoma zaidi ya darasa la pili. Alihesabu kwa mahindi, alitia alama kwa makaa nyuma ya mlango. Dunia yake nzima haikuwa na muhuri.

Alhamisi mchana Eddy alimkuta katika chumba cha marehemu, sakafuni, mikono imejaa vumbi, vikapu vimefunguliwa: vitenge vilivyokunjwa, rozari mbili, kadi za ubatizo za watoto, picha ya Martine siku ya diploma, tiketi za hospitali. Eddy alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Alikuwa bado na nguo za kazi.

"Unatafuta nini?"

"Karatasi yenye muhuri inayosema mama alikuwa na kazi." Alipolisema alisikia jinsi lilivyokuwa la kijinga. "Wanataka hiyo. Basi. Kesho utaenda usaini. Sitakulaumu."

Eddy alitazama ukuta ambapo picha ya Moyo Mtakatifu ilikuwa imetundikwa, kona zake zimeliwa na mende.

"Mwaka ya tisini na nane," akasema, "weye ulikuwa Lubumbashi. Kulikuwa na kipindupindu."

"Nakumbuka. Mliniandikia."

"Hatukukuandikia yote. Komini ilituma bantu kwenye mlango ya kiwanda. Banasema munkoyo inaleta ugonjwa. Banapindua mapipa, yote mawili, mbele ya bakazi. Minye nilikuwa pale, nilikuwa na miaka kumi na moja, niko na kikombe mkononi. Munkoyo inatembea mpaka kwenye viatu vyangu." Alikunja vidole vyake vizito. "Mama hakulia. Alimwambia yule chef yao: nipe karatasi inayosema umefanya nini. Chef anacheka. Mama anasimama mbele ya gari yao, anasema hamutoke hapa mpaka mutanipa karatasi. Bakazi banaanza kukusanyika. Basi chef anaandika, anapiga muhuri, anamutupia."

"Na mama?"

"Kesho yake alirudi pale. Na mapipa mapya. Alikuwa anachemsha maji mbele ya bantu, baone. Hakuna aliyemugusa tena." Eddy alisimama, akatoa picha ya Moyo Mtakatifu ukutani, akaigeuza. Nyuma yake kulikuwa na mfuko wa plastiki uliobanwa kwa misumari midogo, na ndani ya mfuko karatasi iliyokunjwa mara nne. "Alikuwa ananiambiaka: ile njo karatasi yangu. Minye nilikuwa nawaza ni mambo ya wazee tu. Nilisahau."

Martine aliifunua kwenye goti. Karatasi ilikuwa imegeuka rangi ya chai, lakini kalamu ilikuwa imekandamizwa kwa nguvu na muhuri wa buluu bado ulisomeka. Ilikuwa amri. Ilisema kwamba *la nommée Ngoie Hortense, fabricante de munkoyo*, yaani huyo aitwaye Ngoie Hortense, mtengenezaji wa munkoyo, anaamriwa kuacha shughuli zake mara moja kwa sababu za afya ya watu wote.

Aliisoma kwa sauti, akamtafsiria Eddy neno kwa neno, ingawa Eddy alijua Kifaransa cha kutosha. Alipofika kwenye *fabricante* alilisoma mara mbili. Walipotaka kumfukuza, walijua kazi yake. Waliiandika bila kumwuliza karatasi ya patroni. Hawakupiga marufuku néant. Hakuna anayetuma gari na watu kwenda kupindua néant.

"Kesho," alisema Eddy, akiutundika Moyo Mtakatifu mahali pake, "tutaenda pamoja. Nitaomba saa moja kwa chef. Akikatala, akatale."

Ijumaa asubuhi walikuwa wanne mbele ya meza ya Madame Fortunée: Martine, Eddy, Papa Adolphe aliyevaa koti la kanisani, na Mama Orpha. Martine alikuwa ameandaa maneno mengi. Hakuyatumia. Aliweka karatasi mezani, akaigeuza ielekee upande wa mwenye meza, akarudi nyuma hatua moja.

Madame Fortunée alivaa miwani. Alisoma, akageuza nyuma kuona kama kuna kitu, akasoma tena. Aliutazama muhuri kwa karibu.

"Ni wetu," akasema.

"Ni wenu," alisema Martine.

"Hii ni amri ya kumufunga kazi."

"Ndiyo. Na imetaja kazi gani."

Papa Adolphe, ambaye hakuwa ameulizwa, alikohoa. "Na hakufunga. Minye nilikunywa munkoyo yake mpaka siku nilitoka kiwandani, siku ya retraite yangu. Kama kazi yake haikuwapo, basi na minye nilikuwa nakunywa nini?"

Kona ya mdomo wa Madame Fortunée ilisogea. Aligonga meza kwa kucha, na Martine aliona kwamba mwanamke huyu alikuwa akimfikiria mkaguzi wake, na labda na mtu mwingine pia. Kila mmoja ana mama. Mwishowe alisukuma rejista upande wa Rolly.

"Kata," akasema. "Katika zote mbili. Andika kama karatasi inavyosema. Na pembeni uweke kama sheria inavyotaka."

Rolly alichukua rula. Alipiga mstari mmoja ulionyooka juu ya *néant*, juu yake akaandika kwa ule mwandiko wake mzuri, *fabricante de munkoyo*. Kisha pembeni mwa ukurasa akaandika maneno ya kawaida ya maofisi, anayoandika kila anapokosea: *un mot rayé nul*. Neno moja lililokatwa, ni batili.

Martine aliyasoma kichwa chini miguu juu. *Nul.* Hata hilo lilikuwa Kilatini: nullus, hata mmoja. Lilikuwa limewekwa kulifuta lile jingine, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alisikia kicheko kikimpanda kifuani. Alikizuia, kwa sababu ya mahali.

"Na wale wengine?" aliuliza. "Kurasa za nyuma. Yule wa makaa. Yule mkunga."

"Zile zimesainiwa," alisema Madame Fortunée. "Zile ni mahakama tu inaweza kuzikata."

"Mahakama inafungua siku gani?"

Madame Fortunée alimtazama juu ya miwani. "Jumatatu mpaka Ijumaa," akasema. "Lakini ni familia zao njo bataomba. Haiko weye."

"Nitaziambia familia zao. Wawili niliwafundisha."

Eddy alimgusa kiwiko, si kumzuia. Martine akachukua kalamu, akasaini katika rejista ya kwanza na ya pili, jina lake lote, bila kufupisha. Eddy alitoa simu akatazama saa, akairudisha mfukoni.

Ikabaki mashahidi. Rolly aliandika Papa Adolphe Banza, mstaafu, na mzee akatia sahihi yenye mikia mingi. Halafu Rolly akaandika jina la Mama Orpha, tarehe yake ya kuzaliwa, na mahali anapokaa. Kalamu ikafika kwenye kazi, ikainama.

"Ngoja," alisema Mama Orpha.

Kalamu ikasimama hewani.

"Unataka kuandika nini hapo?"

Rolly alimtazama mkuu wake. Mkuu wake alikuwa akipanga mihuri kwa bidii isiyo ya kawaida.

"Weye ulikunywaka munkoyo ya nani," aliendelea Mama Orpha, "wakati ulikuwa mutoto, pale kwa shimo la maji, karibu na nyumba ya mama yako Tina? Yangu. Nakujua. Nilijua uso wako tangu Jumatatu, nikanyamaza. Jumatatu nilisema siye tulikuwaka bule tu. Nimekosea. Niliwaza usiku nzima. Bule ni kintu ya kutoa bila kulipwa, na minye sikumupa muntu munkoyo bule, hata weye ulileta mahindi ya kulipa."

"Ni kweli, Mama," alisema Rolly kwa sauti ndogo.

"Sina karatasi. Lakini sijakufa. Muntu mwenye hajakufa anasema mwenyewe kazi yake. Andika kama ya Hortense."

Rolly hakungoja ruhusa tena. Aliandika. Mama Orpha hakujua kusoma, kwa hiyo alimwambia amsomee mstari wote, jina mpaka mwisho, na Rolly akausoma. Akamwambia asome tena, polepole, kwa ile rejista ya pili, ahakikishe ni sawasawa na ya kwanza. Nyuma yao foleni ilikuwa imefika barazani, na mtu fulani akauliza kuna nini hapo mbele, mbona haisogei.

"Kuna bantu," alijibu Mama Orpha bila kugeuka, akachovya dole gumba kwenye wino.